Ng'ombe Bila Pembe

Hotuba hii niliitoa Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, katika ukumbi wa shule moja ya sekondari hapa Mwanza. Waliokosa wameomba niiweke yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na pale nilipokatizwa.

Mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimetuishia: hamjambo? Wakubwa zangu, shikamooni. Itifaki naomba iishie hapo, maana nimepewa dakika ishirini na mshereheshaji ameishika saa mkononi kama refa.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie nafasi ya Kiswahili katika maendeleo. Niliisoma mara mbili, nikaikunja. Mimi sijawahi kuwa waziri. Nimekuwa katibu muhtasi miaka thelathini na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kuchapa maneno ya wengine wanaozungumzia maendeleo. Leo nitazungumzia kitu nilichokishika kwa vidole vyangu mwenyewe. Nitazungumzia alama moja ya uakifishaji. Moja tu.

Nyoosheni mikono. Nani hapa ana timu ya mpira anayoipenda? Haya, shusheni, tusigombane. Nani ana alama ya uakifishaji anayoipenda? Mikono mitatu. Na mmoja ni wa mwalimu wa Kiswahili, huyo hatumhesabu.

Ninyi wengine mnajidanganya. Mnazo, ila hamjui. Ukifika nyumbani fungua simu, soma ujumbe kumi wa mwisho ulioutuma, utaiona. Shemeji yangu hamalizi sentensi bila vidoti vitatu. "Nimefika..." "Mama anakusalimia..." "Nitakupigia jioni..." Kila ujumbe wake naufungua moyo ukinidunda nikidhani kuna msiba. Vidoti vile vinaitwa alama ya dukuduku, na kweli dukuduku huniachia mimi, yeye analala usingizi. Binti yangu naye haweki nukta kabisa. Siku moja alinitumia, "Mama kesho nakuja", nikamjibu "Sawa" na nukta yake. Akapiga simu saa hiyohiyo: "Mama, nimekukosea nini?" Nilifundishwa kwamba sentensi isiyo na nukta ni mtu aliyetoka nje bila viatu. Leo nikiweka nukta naambiwa nimenuna!

Basi yangu mimi ni ipi? Yangu ni ile inayoning'inia. Si nukta iliyokaa chini, wala si koma iliyokaa chini ikachomoza kimkia. Yangu ni koma iliyopanda juu ikaning'inia kama popo. Inaitwa ritifaa. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na maana yake ni kupanda, kwenda juu. Hata hilo neno ning'inia, la kuelezea inavyokaa, haliandikiki bila yenyewe.

Tulianza urafiki mwaka 1983, chuo cha uhazili, Tabora. Tulikuwa wasichana ishirini na wawili darasani, kila mmoja na taipureta yake, na mwalimu alitufunika funguo kwa kitambaa ili tusichungulie. Maneno hamsini kwa dakika, na ukikosea unaanza upya. Sasa nisikilizeni, vijana, maana hili hamtaliona tena. Taipureta tulizozikuta hazikuwa na alama ya mshangao. Haikuwepo! Ilitengenezwa. Ulichapa ritifaa, ukarudisha mkokoteni hatua moja nyuma, ukachapa nukta chini yake. Tak, tak, tak. Juu ritifaa, chini nukta, katikati uwazi kidogo, na bosi anaona mshangao.

Kwa hiyo mshangao wote uliotoka serikalini kwa mkono wangu, wote, tumboni mwake ulikuwa na ritifaa.

Nilikuwa na bosi mmoja aliyependa kuandika ONYO, kisha mishangao mitatu. Hesabuni: mapigo tisa ya funguo kwa ajili ya hasira ya mtu mmoja. Na kama ni stensili, ndiyo balaa. Stensili ilikuwa karatasi yenye nta, herufi inaichana kidogo ili wino upite. Nukta ukiigonga kwa nguvu inatoboa tundu kabisa, na kwenye mashine ya kudurufu wino unavuja, kila nukta inatoka nene kama mbegu ya papai. Tulifundishwa kugonga nukta kwa kidole kilicholegea, kama unamwamsha mtoto. Nilimwendea bosi na barua, nikamwambia, "Mzee, mshangao mmoja unatosha, huu wa pili na wa tatu utatoboa karatasi." Akaufuta mmoja. Leo mishangao haina gharama, ndiyo maana naletewa kumi na mitano kwenye salamu za asubuhi.

Hapo nilikuwa naijua ritifaa kwa kidole tu. Aliyenifundisha kuijua kwa sikio alikuwa mkuu wa masijala, mzee mmoja wa Kipemba. Alikuwa anasoma kila barua kwa sauti ya chini kabla haijatoka. Kwa sauti! Mafaili yamemzunguka, miwani imeshuka puani, midomo inatembea. Siku moja nilimletea barua isiyo na koma hata moja. Ilikuwa na sentensi hii: "Mama mpishi amefika". Akanitazama. "Huyu mama ndiye mpishi, au unamwambia mama yako kwamba mpishi amefika?" Nikasema, "Mzee, msomaji ataelewa." Akaweka kalamu chini.

Akaniambia, binti, unajua kuakifisha ni nini? Ni kusimamisha. Ni neno la Kiarabu la kusimama, ni ndugu wa tumbo moja na wakfu, mali iliyosimamishwa isiuzwe. Akanieleza kwamba chuoni kwao Pemba, mtoto anayejifunza Kurani hujifunza vituo kabla hajajua maana. Juu ya mstari kuna vialama vidogo: miim, hapa lazima usimame; laam-alif, hapa usisimame; jiim, hiari yako. Akanisomea aya ya nne ya Suratul Maun, "Fawaylul lil-muswallin", kisha akanyamaza. Akaniuliza, "Unajua nimesema nini?" Sikujua. "Nimesema, ole wao wanaoswali. Nikiishia hapa nimewalaani waumini wote msikitini." Kisha akasoma aya inayofuata, inayosema wale ambao wanapuuza swala zao. "Umeona? Pumzi yangu ikikatika mahali pasipo pake, mwema anageuka mwovu."

Mimi ni Msukuma, Mkristo, nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Sijaisahau asubuhi ile.

Lakini nilimbishia. Nikamwambia, Mzee, hiyo ni nukta na koma. Hizo ni za pumzi. Je, ritifaa ni ya nini? Mimi nikisoma ng'ombe sipumziki katikati. Akacheka, akasema niende nikafikiri.

Nifikirieni na ninyi. Semeni wote: ng'ombe. Tena, lakini ile sauti ya kwanza ivuteni, msifike kwenye o. Ng'ng'ng'... Mnasikia? Inavutika kama injini ya mtumbwi. Endeleeni... sasa zibeni pua!

(Ukumbi mzima ulinyamaza ghafla, kisha kicheko.)

Imekatika! Kwa nini? Kwa sababu sauti hiyo haipiti mdomoni, inapita puani. Nyuma ya ulimi imegusa kaakaa laini, mlango wa mdomo umefungwa, hewa inatafuta njia ya juu. Sasa nukta na koma ni za pumzi, tumekubaliana. Ritifaa ni ya pua. Haimwambii msomaji asimame, inamwambia ni sauti gani aitoe. Walimu wa isimu wanaziita sauti za namna hiyo ving'ong'o, na mkitaka kujua lugha hii ina utani kiasi gani, andikeni king'ong'o muone mnahitaji ritifaa ngapi.

Katika hati mkato ya Pitman, ule mwandiko wa haraka tuliojifunza Tabora, sauti hii ina mchoro wake. Ni kijipinde kilekile cha N, ila unakikandamiza penseli kiwe kinene. Waganda nao wanayo herufi kamili, N yenye mkia, katika Luganda. Mzee wangu wa Pemba aliniambia kwamba waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliitumia ghain kwa g, kwa ng na kwa ng', msomaji akajijua mwenyewe. Sisi wa herufi za Kirumi hatukupewa herufi mpya. Tulichukua n, tukachukua g, tukaning'iniza ritifaa. Wapo pia washairi wanaoitumia kumeza silabi ili mizani itimie, na wapo Mombasa wanaoiweka kutofautisha p'aa wa porini na paa la nyumba, maana kule yule wa porini hutamkwa kwa kupuliza. Lakini hayo ni mambo ya wenyewe. Mimi ninazungumzia ng'ombe.

Na ng'ombe yuko buchani.

Karibu na ninapoishi kuna bucha tatu katika mtaa mmoja. Ya kwanza imeandikwa NYAMA YA NGOMBE. Ya pili NYAMA YA N'GOMBE, ritifaa imewahi mno, kama abiria aliyeshuka kabla gari halijasimama. Ya tatu ndiyo iko sawasawa. Nikawa nanunua nyama hiyo ya tatu miaka miwili, na nakiri mbele yenu kwamba haikuwa laini kuliko nyingine. Siku moja nikamkuta mchoraji wa mabango juu ya ngazi, anairudishia rangi. Ni kijana tu, kaptura imejaa rangi nyekundu. Nikamwuliza, "Mwanangu, wenzako hawaiweki, wewe kwa nini unaiweka?" Hakugeuka. Alichovya brashi, akaivuta ritifaa kwa mkono mmoja, nyembamba chini, nene juu, imepinda kidogo. Akasema, "Mama, bila hii ng'ombe hana pembe."

Nimesoma vitabu vya sarufi. Sijawahi kukuta maelezo yanayozidi hayo.

Tazameni mkitoka nje ni ng'ombe wangapi wasio na pembe. Chang'ombe ya Dar es Salaam, Chang'ombe ya Dodoma: nimeona kwenye kioo cha daladala CHANGOMBE, nikajiuliza ni mji gani huo. Nairobi kuna Lang'ata, na kuna wanaoandika Langata. Jirani zetu wa Geita wana wilaya nzima, Nyang'hwale, ambayo ukiikata ritifaa hata mwenyeji hulitamka jina kwa mashaka. Mnakumbuka Desemba 31, 2012, walipozima matangazo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam, kisha miji mingine ikafuata? Nchi nzima ikajifunza neno jipya: king'amuzi. Neno zuri sana, kutoka kung'amua, kutambua kilichofichika. Na madukani likaandikwaje? KINGAMUZI. Chombo cha kung'amua, na hakuna aliyeng'amua.

Mtaniambia, "Mama, tunaelewa tu." Haya. Ofisini kwetu lilibandikwa tangazo, sikulichapa mimi, likiwataka watumishi wote wafike Jumamosi "kungoa magugu". Mzee wa masijala alisimama mbele yake akicheka mpaka akavua miwani. Huku bara hatukujua anacheka nini. Kumbe ngoa, bila ritifaa, ni neno kamili. Ngoa ni wivu, ni uchu wa kutamani cha mwenzio. Mtu hulilia ngoa. Akasema, "Wanatuita Jumamosi tuje tuyaonee wivu magugu." Tuliyang'oa, lakini tangu siku hiyo mimi nikitazama bustani ile naona tumelilia ngoa.

Sasa nifike pale panaponiuma. Dakika zimebaki ngapi? Saba. Zinatosha.

Jina langu la ukoo linaanza na Ng'w. Hapa Usukumani hilo si jambo la ajabu, nusu ya ukumbi huu mna jina la namna hiyo au mmeoa penye jina la namna hiyo. Ng'wana ni mwana. Babu zetu waliitana mwana wa fulani, nasi tumebaki nayo. Cheti changu cha ubatizo kina ritifaa, ya wino wa kalamu ya kuchovya. Cheti cha Tabora kina ritifaa, niliichapa mwenyewe. Barua ya ajira inayo. Mwaka 2016 nikaomba kustaafu kwa hiari, nikapeleka karatasi zangu ofisi fulani, sitaitaja. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu sana. Akachapa jina langu. Mashine ikalia. Akachapa tena, ikalia tena. Akanigeuzia kioo nione: herufi isiyokubalika.

Herufi isiyokubalika! Miaka thelathini na mitatu nimeichapia serikali.

Akaniuliza, "Mama, tuitoe?" Nimechoka, foleni ndefu nyuma yangu, nikasema itoe. Akaitoa. Benki walikuwa nao wameitoa, ila wao waliweka nafasi mahali pake, kwa hiyo benki nilikuwa na majina manne badala ya matatu. Kitambulisho kilikuwa nayo. Kwa hiyo tukawa wanawake watatu: mmoja mwenye pembe, mmoja asiye na pembe, na mmoja aliyekatwa katikati. Mafao yalikuwa ya mmoja, akaunti ya mwingine, na sura ya wa tatu. Miezi mitano. Nilikwenda kwa wakili, nikainua mkono wa kulia, nikaapa kwamba mimi ndiye mimi. Nikalipa na muhuri.

Nilimwuliza mtoto wa kaka yangu, anatengeneza programu za kompyuta. Nikamwambia, niambie ukweli, ritifaa imewakosea nini? Akanichorea kwenye kitambaa cha karatasi hotelini. "Shangazi, katika lugha tunayotumia kuzungumza na kanzidata, yaani ghala la taarifa la kompyuta, neno linazungushiwa uzio. Ritifaa moja mwanzoni, ritifaa moja mwishoni. Sasa jina letu linaingia na ritifaa yake. Kompyuta ikifika Ng' inadhani uzio umefungwa, jina limekwisha. Kinachobaki inakiona kama amri isiyoeleweka. Wezi wa mitandaoni wanalijua tundu hilo, wanapenyeza amri zao humo. Kwa hiyo wengine wanaogopa, wanaizuia ritifaa mlangoni."

Nikamwuliza, hakuna dawa? Akasema dawa ipo ya siku nyingi: jina unalipeleka peke yake na amri peke yake, visichanganywe. Na akaongeza kwamba kuna ritifaa mbili, moja imenyooka, namba 39 katika orodha ya zamani ya herufi za kompyuta, nyingine imepinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kukuuliza. Kwa jicho ni moja. Kwa mashine ni vitu viwili. Ukitafuta jina lako kwa iliyonyooka, na mtu aliliingiza kwa iliyopinda, unaambiwa haupo.

Nikamwuliza swali la mwisho. "Wewe jina lako huko unaliandikaje?" Akatazama soda yake. "Nimeitoa, Shangazi. Siku nyingi. Inasumbua."

Huyo anaijua dawa, na bado ameikata pembe. Sikumlaumu, nami niliikata dirishani. Lakini nilirudi nyumbani kimya, na nilipofika nikaandika jina letu kwa mkono mara kumi kwenye daftari la matumizi, chini ya bei ya sukari.

Wanangu wenye simu: najua kwenye kibodi yenu ritifaa iko ukurasa wa pili, pamoja na namba. Ni kubonyeza mara mbili zaidi. Mimi nilibonyeza mara tatu kwa mshangao wa mtu mwingine.

Nakaribia kuketi. Lakini mkuu wa shule, kuna jambo nimelivumilia tangu saa tatu asubuhi, na nisipolisema nitaumwa. Naomba wote mtazame nyuma yangu, kwenye kitambaa kile kizuri mlichokitundika. Nasoma: KISWAHILI CHETU KINANGARA.

(Kicheko kirefu. Mkuu wa shule alijifunika uso kwa ratiba.)

Msicheke, kimeshonwa kwa gharama. Nani ana kalamu ya wino mzito? Wewe, kijana wa mstari wa mbele, upo kidato cha ngapi? Cha pili. Njoo. Chukua kiti hicho, mwalimu akushikie. Panda polepole. Haya. Wapi?

Akagusa kitambaa kati ya N na G, akageuka kunitazama. Nikatikisa kichwa. Akasogeza kidole upande wa pili wa G.

Hapohapo. Nene juu, nyembamba chini, na ipinde kidogo.